Namba Isiyo na Majira: Kukisoma Kibandiko cha Mafuta

Kila gari jipya linalouzwa Marekani hukaa dukani likiwa na karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Sheria ya mwaka 1958, iliyosimamiwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, ililazimisha bei iandikwe hapo, ili muuzaji asimpangie mteja bei kwa kumtazama sura. Mafuta yalipopanda miaka ya 1970, sheria nyingine, ya mwaka 1975, ilileta habari ya pili kwenye kioo hicho hicho: gari hili linakwenda maili ngapi kwa galoni moja. Habari hiyo ya pili ndiyo ninayoihakiki hapa. Nitaisoma kama tunavyosoma shairi au hadithi, kwa kuanzia kwenye fani: kipi kimewekwa mbele na kipi nyuma, nani anasimulia, mandhari ni ya wapi, na kisa kinaanzia wapi.

Njia hii nimeichagua kwa sababu ya malalamiko yanayorudi kila Desemba katika nchi za theluji. Gari lililokuwa likienda vizuri Septemba linaanza kunywa mafuta. Mwenyewe analipeleka kwa fundi, fundi haoni kosa. Wakongomani na Warundi walioko Portland ya Maine, Wakenya na Watanzania walioko Minneapolis na Toronto, hukutana na jambo hili katika majira yao ya kwanza ya baridi ugenini. Gari halijaharibika, na wahandisi wana maelezo kamili. Lakini maelezo yao hayamalizi shauri, maana kilichomshangaza mtu huyu ni namba. Aliisoma dukani, akaiamini, nayo haikumwambia lolote kuhusu Januari. Hoja yangu ni kwamba isingeweza kumwambia. Umbo lake haliruhusu, hata pale waliounda namba hiyo walipoipima baridi kwa uangalifu mkubwa.

Tuanze na sura ya ukurasa. Kibandiko kinachotumika sasa kilikuja na magari ya modeli ya 2013. Juu kushoto, karibu na mchoro wa pampu ya mafuta, ipo namba kubwa: maili kwa galoni, za mjini na za barabara kuu zikiwa zimechanganywa. Pembeni yake, kwa tarakimu ndogo, namba hiyo inafumuliwa, ya mjini mbali na ya barabara kuu mbali. Chini yake kuna galoni kwa kila maili 100. Upande wa kulia zipo dola: utaokoa au utatumia zaidi kiasi gani kwa miaka 5, ukilinganishwa na mwenye gari jipya la wastani. Kisha gharama ya mafuta kwa mwaka, vipimo vya hewa chafu vya 1 hadi 10, na chini, kwa maandishi madogo, maneno ya tahadhari. Ni ukurasa uliopangwa kwa ustadi. Jicho linajua liende wapi, na hata mgeni ambaye Kiingereza chake bado hakijakaa sawa anaweza kuusoma.

Namba kubwa haina kitenzi. Haisemi kwamba gari lilikwenda maili 30 siku fulani, likiendeshwa na fulani, hewa ikiwa na joto fulani. Inasema 30, kama vile mtu anavyosema gari lina kilo 1,400 na milango 4. Hapo tukio limegeuzwa kuwa sifa. Uzito gari linao hata likiwa limezimwa. Matumizi ya mafuta halina mpaka liwashwe na liende mahali. Msomaji anayepewa namba isiyo na wakati huipa wakati wote: 30 leo, 30 Julai, 30 Januari.

Jambo la pili limo katika kizio. Maili kwa galoni ni mgawanyo, umbali wote juu na mafuta yote chini. Mgawanyo wa aina hii una dai la kimyakimya kwamba maili zote ni sawa, ya kwanza na ya thelathini. Kwenye joto, dai hilo halina makosa makubwa. Kwenye baridi linavunjika, na linavunjikia mahali pamoja: mwanzoni.

Inabidi tufungue boneti. Chukua gari la petroli lililolala nje usiku kwenye nyuzijoto -7. Oili imekuwa nzito, kwa hiyo pistoni, shafti na pampu ya oili yenyewe vinahitaji nguvu zaidi ili tu vizunguke. Giaboksi na difu zina oili yake, nayo imekuwa nzito vilevile, tena huchelewa kupata moto kuliko ya injini. Petroli haiungui vizuri ikiwa kimiminika. Lazima iwe mvuke. Kwenye kuta za chuma baridi sehemu yake hubaki matone, na kompyuta ya gari, ikijua hivyo, huamuru nozeli zinyunyize zaidi ili mvuke wa kutosha upatikane. Ziada hiyo haigeuki kuwa mwendo. Kisha yapo masega, yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, ambayo hayafanyi kazi mpaka yafikie joto la mamia ya nyuzi. Ili kuyawahisha, kompyuta huinua mzunguko wa injini na kuchelewesha cheche za plagi, joto jingi litokee kwenye ekzosi badala ya kusukuma pistoni. Juu ya hayo dereva anawasha feni ya hita, waya za kuyeyusha barafu kwenye kioo cha nyuma na joto la viti, na alternata inabeba mzigo huo wote pamoja na betri iliyodhoofishwa na usiku. Mwenye kuliacha gari liungurume dakika 10 kabla ya kuondoka anapata, kwa dakika hizo, maili sifuri kwa galoni.

Angalia jinsi gharama hizi zilivyosongamana. Zote ziko kwenye dakika za kwanza. Injini ikishapata moto, nyingi hukoma na nyingine hupungua sana. Zipo za aina nyingine zinazodumu safari nzima. Hewa ya nyuzi -7 ni nzito kuliko ya nyuzi 25 kwa takriban 12%, na gari linaloipasua kwa kasi ya barabara kuu linailipia kila maili. Upepo wa tairi hushuka kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopungua, hivyo tairi zilizojazwa wakati wa joto zikasahauliwa hufika Januari zikiwa laini. Petroli ya majira ya baridi huchanganywa ili iwake kwa urahisi, na mchanganyiko huo una nishati pungufu kidogo kwa galoni. Hizi za pili kizio cha maili kinaweza kuzibeba bila taabu: unapunguza asilimia kadhaa, basi. Za kwanza hazibebeki. Ni kama mkaa wa kuwashia jiko, ambao huenda ule ule, uwe unachemsha kikombe cha chai au sufuria la maharage ya harusi. Ukiulizwa mkaa huo ni kiasi gani kwa sahani moja, huna jibu mpaka ujue sahani ni ngapi.

Tuweke namba za kukadiria tu, ili umbo lionekane. Tuseme gari likiwa na moto linatumia lita 8 kwa kilomita 100, na kuliwasha asubuhi ya nyuzi -7 kunaongeza lita 0.2. Safari ya kilomita 6 itatumia lita 0.48 za mwendo na 0.2 za mwanzo, jumla 0.68, yaani kilomita 8.8 kwa lita. Safari ya kilomita 100 itatumia lita 8.2, yaani kilomita 12.2 kwa lita. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, na asubuhi ni moja. Idara ya Nishati ya Marekani, inapolieleza jambo hili nje ya kibandiko, inalazimika kufanya ambacho kibandiko hakifanyi, kutaja urefu wa safari: kwenye uendeshaji wa mjini, gari la kawaida la petroli hupata maili pungufu kwa karibu 15% kwenye nyuzi -7 kuliko kwenye nyuzi 25, na safari zikiwa za maili 3 au 4 upungufu unaweza kufika 24%. Kinachotenganisha takwimu hizo mbili ni idadi ya maili zinazogawana mwanzo mmoja.

Fani zetu wenyewe zinajua kuutendea mwanzo haki yake. Utenzi wa mapokeo hutenga beti za kwanza kwa dua na sifa za Mungu, pengine na kuomba wino na karatasi, kabla kisa hakijaanza. Utenzi mfupi na utenzi wa beti elfu zote hupita mlango huo, na hakuna mhakiki atakayezichukua beti za dua akazisambaza sawasawa ndani ya kisa kizima ili apate kiasi cha dua kwa kila ubeti. Kibandiko kinafanya hivyo hasa.

Ningewaonea waandishi wake nikisema hawakuufikiria mwanzo. Waliufikiria kwa undani unaostahili heshima. Tangu magari ya modeli ya 2008, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, hupata namba za kibandiko kutoka kwenye majaribio 5: la mjini, la barabara kuu, la kasi kubwa na kukanyaga mafuta kwa nguvu, la kiyoyozi kwenye nyuzi 35, na lile la mjini likirudiwa kwenye nyuzi -7. Ukiifungua kanuni ya namba ya mjini utakuta sehemu mbili zinazojumlishwa: mafuta ya mwendo na mafuta ya kuwasha. Ndani ya hesabu, basi, mwanzo umetengwa na safari. Mafuta ya kuwasha yenyewe ni mchanganyiko, yakiwa na uzito wa 0.76 kwa kuwasha kwenye joto la maabara na 0.24 kwa kuwasha kwenye nyuzi -7. Kisha kiasi hicho kinagawanywa kwa urefu wa safari: maili 4.1 kwa namba ya mjini, maili 60 kwa ya barabara kuu. Baada ya kugawanya, mwanzo hauonekani tena. Umeyeyukia ndani ya maili.

Namba tatu kati ya hizo, 0.24, 4.1 na 60, hazikuchapwa kwenye kibandiko, lakini mimi ndizo ninazozitazama kuliko zilizochapwa. Ile 0.24 inamchora msomaji anayekusudiwa, mtu ambaye karibu robo ya kuwasha kwake ni kwenye -7 na kulikobaki ni kwenye joto la kama nyuzi 24. Mtu huyo haishi Miami, ambako -7 haifiki. Haishi Duluth, Minnesota, ambako katika Januari ya kawaida alfajiri huwa na baridi kali kuliko hiyo. Ni mkazi wa wastani wa nchi nzima, na wastani hauna anwani. Ile 4.1 inampa safari, kilomita 6 na ushei. Mwenye safari ya maili 2 hubeba mwanzo mara mbili kwa kila maili kuliko huyo wa kanuni. Na ile 60 inaufuta mwanzo karibu wote kutoka kwenye namba ya barabara kuu, kiasi kwamba mtu anayeingia barabara kuu karibu na nyumbani na kutoka baada ya maili 5 anadhani namba hiyo ni yake, kwa kuwa barabara aliyopita inaitwa hivyo.

Ipo pia 0.905, kizidishi cha mwisho cha namba ya mjini. Kinaipunguza kwa 9.5% kufidia mambo ambayo gari linalozungusha magurudumu juu ya rola haliwezi kukutana nayo, kama upepo, vilima, barabara mbovu, tairi zisizojazwa vizuri, theluji. Theluji yote ya Marekani imo ndani ya tarakimu hizo tatu. Tena mtengenezaji anaruhusiwa, kwa masharti, kutumia majaribio mawili tu ya zamani na kupata namba za kibandiko kwa mlinganyo uliotokana na magari mengine. Gari la namna hiyo lina baridi ya kukadiriwa katika namba yake.

Mandhari nayo yana la kusema. Mchoro wa kasi wa jaribio la mjini, sekunde kwa sekunde, ulitokana na uendeshaji kwenye njia za Los Angeles, na wahandisi bado wanauita LA4. Ni maili 7.5 kwa sekunde 1,369. Ulitungwa kwa ajili ya moshi uliokuwa ukiisonga California, na matumizi ya mafuta yaliupanda baadaye kama abiria. Kwa hiyo mji uliomo ndani ya kila kibandiko cha Marekani ni mji ambao watu wake hawakwangui barafu kwenye vioo asubuhi. Chumba cha jaribio huwekwa kati ya nyuzi 20 na 30, na gari hulazwa kwenye joto hilo saa 12 hadi 36 kabla ya kuwashwa. Kuwashwa huko kanuni hukuhesabu kuwa kwa injini baridi, ingawa injini hiyo ina joto la alfajiri ya Mombasa. Maabara ya EPA yenyewe iko Ann Arbor, Michigan. Januari, nje ya kuta zake maji yameganda, na ndani gari linapita Los Angeles. Uamuzi huo una sababu njema, maana bila joto la kudumu huwezi kulinganisha gari na gari. Mnunuzi aliyesimama kati ya magari mawili amejibiwa vizuri. Mwenye gari moja anayelinganisha miezi miwili hakufikiriwa katika muundo huu.

Madereva walianza kulalamika mapema, na kuanzia modeli za 1985 EPA ilipunguza namba ya mjini kwa 10% na ya barabara kuu kwa 22%. Hilo lilipunguza ahadi bila kugusa umbo. Namba iliyopunguzwa kwa kiwango kimoja kwa kila mtu bado ni namba moja kwa kila mtu.

Sasa maneno madogo ya chini. Yanasema, kwa ufupi, kwamba matokeo halisi yatatofautiana kwa sababu nyingi, zikiwamo hali za uendeshaji na namna unavyoliendesha na kulitunza gari lako. Isome polepole. Kiima ni matokeo, kana kwamba yanajitofautisha yenyewe. Baridi haikutajwa; imewekwa ndani ya hali za uendeshaji pamoja na foleni na milima. Halafu inaingia nafsi ya pili. Wewe ulikwishaonekana upande wa kulia wa ukurasa, ukiokoa dola. Chini hapa unarudi ukiwa chanzo cha tofauti. Katika sababu tatu zilizotajwa, mbili ni zako: mguu wako na matunzo yako. Haishangazi kwamba mtu wa Minneapolis anayeona tangi lake linakwisha upesi hujichunguza mguu, kisha huenda kwa fundi. Muundo wa sentensi ndio uliomtuma huko. Hili naliona ni kosa kubwa la maandishi haya, kubwa kuliko kosa lolote la hesabu, kwa sababu linamfanya mtu mwenye gari zima alipie marekebisho yasiyohitajika.

Kibandiko cha 2008 hadi 2012 kilikuwa na kitu ambacho kupotea kwake ni hasara. Karibu na namba kubwa ya mjini, tuseme 18, kiliandika kwamba madereva wengi watarajie kati ya 15 na 21, na ya barabara kuu vivyo hivyo. Hakikutaja majira, lakini kilikiri kwamba gari moja lina maisha mengi. Kibandiko cha 2013 kinao upana pia, ila kinaeleza tu magari ya ukubwa huo yanaanzia maili ngapi hadi ngapi kwa galoni. Upana wa maisha ya gari moja umeondolewa, ukabaki ule wa ushindani wa dukani. Mabadiliko haya ya mpangilio hayakubadilisha hata tone la mafuta, lakini yalibadilisha kile msomaji anachokitarajia anapotoka dukani.

Marekebisho hayo hayo yalileta jambo jema, galoni kwa maili 100. Mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha katika jarida la Science jinsi maili kwa galoni zinavyopotosha. Kwa maili 10,000, kutoka 10 hadi 20 kunaokoa galoni 500, na kutoka 25 hadi 50 kunaokoa 200 tu, ingawa jicho linaona kinyume. Kizio kilichopinduliwa kinasaidia hata kwenye baridi, kwa sababu mafuta yakiwa juu ya mgawanyo, gharama ya ziada inajumlishwa moja kwa moja. Wasomaji wa Kanada na Ulaya wanaifahamu sura hii kupitia lita kwa kilomita 100. Kwenye kibandiko cha Marekani mstari huo umechapwa kwa tarakimu ndogo, chini ya ile namba kubwa.

Gari la umeme linalifanya tatizo la kizio kuwa wazi zaidi. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto, na hasara hiyo ikishapatikana huwapasha abiria bila malipo ya ziada. Haibridi huumia zaidi, kwa 30% hadi 34% kwa makadirio ya Idara ya Nishati katika baridi ile ile, kwani injini ambayo ingependa kuzima hulazimika kuendelea kuwaka ili itoe joto. Gari la umeme halina joto la kutosha la kutupa, hivyo hita yake hula betri. Idara inakadiria kwamba kwenye nyuzi -7 ufanisi wake hushuka kwa karibu 39% na umbali wake kwa chaji moja kwa karibu 41%, na kiasi cha theluthi mbili ya nishati ya ziada huenda kwenye kupasha ndani ya gari. Hita hailipwi kwa maili, wala kwa kuwasha. Inalipwa kwa saa. Foleni ya saa moja kwenye theluji ina bei yake hata gari lisiposogea mita moja. Kwa hiyo baridi ina gharama za aina tatu, kwa maili, kwa kuwasha na kwa saa, na kibandiko kina kizio kimoja cha kuzibeba zote. Kwenye gari la umeme kinachora mstari wa umbali wenye namba moja, na pembeni yake maili kwa galoni za kulinganisha, ambapo kilowati-saa 33.7 huhesabiwa kuwa sawa na galoni moja ya petroli.

Ulaya ilichagua joto moja. Kipimo cha WLTP, kilichoanza kutumika 2017, hufanyika kwenye nyuzi 23 na matokeo ya magari ya mafuta kurekebishwa hadi 14, joto linalokusudiwa kuwakilisha bara zima, kutoka Sicilia hadi Laplandi. Norwei, ambako magari ya umeme ni mengi, imezaa utanzu mwingine kabisa. Tangu 2020 chama cha wenye magari, NAF, pamoja na jarida la Motor huyaendesha magari hayo kutoka Oslo wakati wa baridi mpaka yaishiwe chaji, kisha huandika kila moja lilikofika na limepungukiwa kiasi gani ukilinganisha na namba yake rasmi. Jaribio hilo lina mwanzo, njia, hali ya hewa ya siku ile na mwisho. Ni kisa, na msomaji wake anajua ni kisa cha siku moja. Kwa kulinganisha magari kwa haki halifai kama maabara. Kwa kumwandaa mtu kwa Januari linafaa kuliko kibandiko chochote nilichokisoma.

Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanazo nyaraka za ukoo huu karibu nao. Magari ya mitumba kutoka Japani hufika yakiwa na stika ndogo kwenye kioo cha nyuma, zenye maandishi ya Kijapani na asilimia, zikieleza gari limevuka kiwango cha matumizi ya mafuta cha mwaka fulani kwa kiasi gani. Kipimo cha zamani, 10-15, kilianza injini ikiwa tayari na moto. Mwanzo ulikatwa wote. Kipimo cha JC08, kilicholazimishwa kuanzia 2011, kiliurudisha kwa kuipa injini isiyo na moto uzito wa 25%. Kipimo kilichofuata, kuanzia 2018, huchapa pia namba tatu pembeni ya ile kuu: ya mjini, ya vitongojini na ya barabara kuu. Japani imefika mbali kuliko Marekani katika kumwonyesha msomaji kwamba gari lina zaidi ya maisha mamoja. Majira bado hayamo. Kwa mtu wa Kigamboni hilo si kitu, injini yake huamka kwenye joto la maabara mwaka mzima. Kwa mtu wa Makete, kwenye nyanda za juu za Tanzania, anayewasha gari alfajiri ya Julai kupeleka mtoto shule ya karibu, lina uzito kiasi, na namba kwenye stika ile haimsaidii kujua ni kiasi gani.

Ningetaka kibandiko cha Marekani kiongezwe mstari mmoja: mafuta ya kuwasha gari kwenye nyuzi -7, yakiandikwa kama kiasi kamili, bila kugawanywa kwa maili yoyote. Mtu wa Maine anayekwenda kazini maili 2, akarudi, akatoka tena jioni kununua maziwa, angehesabu mara alizoliwasha gari likiwa limepoa, akazidisha, akajumlisha na mafuta ya mwendo. Hesabu hiyo haimhitaji mhandisi. Wala haihitaji jaribio jipya kwa magari yaliyopitia majaribio yote 5, kwa kuwa kiasi hicho kimeshapimwa na kipo ndani ya kanuni, kabla ya kuchanganywa na kugawanywa kwa 4.1.